Siku Mama Dionisi Aliporudi Kwao

Nilizaliwa nikiwa tayari nina mke. Mke mwenyewe alikuwa na mapengo kumi na moja, mguu mmoja wenye baridi yabisi, na jina la ubatizo la Domitila. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Kwetu huku bondeni mjukuu wa kiume na bibi yake ni mume na mke kwa utani. Hata padri anajua, wala hasemi kitu.

"Mume gani huyu?" alikuwa akiwaambia wageni, huku ananivuta sikio. "Masikio kama popo! Siku aliyozaliwa nikasema haya, Mungu kanipa mume wa kuning'inia darini."

"Na wewe je? Nilitoa mahari ya mdomo mzima, nikaletewa mdomo nusu."

"Nusu hiihii itakutafuna."

Tulichambana hivyo miaka kumi na minane, na hakuna aliyemnunia mwenzake hata siku moja. Utani wetu una sheria hiyo tu. Unaweza kumwambia mwenzako lolote, lakini kununa huruhusiwi.

Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa sita, nilirudi likizo kutoka shule ya sekondari. Nilikuwa darasa la kumi, nina kaptula ya kaki yenye mkunjo wa pasi na Kiingereza kingi kuliko mahali pa kukitumia hapa mtaani kwetu Mlabani. Nikakuta mpunga umeiva. Wakati wa mavuno nusu ya Ifakara hufunga nyumba na kuhamia mbugani, watu wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, mpaka mpunga wa mwisho ukatwe. Bibi alikuwa haachi kwenda. Mwaka huo baba akasema hapana.

"Mama hawezi tena ile ngazi," aliniambia. "Na kichwa chake siku hizi..." Hakumaliza. Baba yangu Dionisi hakuwa mtu wa kumaliza alichoanza kusema. "Utabaki naye. Wiki tatu."

Aliyemaliza ni mama yangu, Scolastica. Alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya jiko.

"Sikiliza, Kelestini. Bibi yako hali. Ukimwekea sahani ukaondoka, utarudi uikute vilevile. Anasahau kwamba ana njaa. Lakini akicheka, anakula, hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa huo mdomo wako uliotuletea barua mbili za mwalimu mkuu, leo umepata kazi. Mchekeshe ale. Nikirudi nimkute mzima."

"Utamkuta amenenepa mpaka tumepanua mlango."

"Na asitoke peke yake. Unanisikia? Asitoke."

Nikasema nimesikia.

Wiki ya kwanza nilifanya kazi yangu vizuri hata nikajiona daktari. Ilikuwa kijiko kimoja cha uji, kichekesho kimoja. Niligundua kwamba nikisema haraka anapotea katikati, na akipotea anatabasamu tu ili asiniaibishe. Basi nikawa nakaa kwenye kigoda mbele yake, chini kidogo, auone mdomo wangu, na nasema polepole. Kumchekesha mtu polepole ni kazi ngumu, nyie. Kichekesho ukikitembeza sana kinachoka njiani. Lakini tuliweza. Uji uliisha, wali uliisha, na jioni nilimpaka mafuta ule mguu huku akinilaumu kwamba nina mikono ya karani.

Siku ya nane mama akatuma pepeta kutoka shambani. Ni ule mpunga mbichi wa kwanza unaokaangwa na kutwangwa ukiwa wa moto, mpaka unakuwa bapa kama magamba ya samaki. Bibi aliloweka, akagawa bakuli mbili. Kubwa akanisogezea mimi.

"Kula, Baba Dionisi. Umetoka mbali."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wa kwetu hamwiti mumewe jina lake, humwita kwa jina la mtoto, na babu yangu, aliyekufa kwenye vita vya Mjerumani kabla baba hajajua kufunga shuka, ndiye aliyekuwa Baba Dionisi. Katika utani wetu bibi aliniita mume wangu, aliniita popo, aliniita kijana mzee. Hilo la Baba Dionisi hakuwahi kunipa. Nikaona leo mwanamke kaongeza chumvi.

Akachukua kata ya maji, akapiga magoti kwa ule mguu wake mbovu, akaninawisha mikono. Nami, Mungu anisamehe, nikanawa.

"Wamekuachia?" akauliza.

"Wameniachia," nikajibu. Nilifikiri anasema walimu.

"Wote?"

"Wote. Shule nzima iko likizo."

Akaitika kwa kichwa, akanitazama nikila kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shambani kwake.

Kesho yake nikaenda kumsimulia Bi Mwanamvua, jirani yetu, mke wa Mzee Haidari mwenye duka. Watu wa pwani hao, Waislamu, lakini yeye na bibi walikuwa wametwanga pamoja miaka ishirini, na hakuna Idi iliyopita bila sahani yetu kuletwa. Nilidhani atavunjika mbavu. Hakucheka.

"Kakuita Baba Dionisi?"

"Na maji akaninawisha! Kwa magoti! Sasa nimekuwa mzee wa mji."

"Kelestini, mwanangu," akasema, "nenda naye polepole bibi yako."

Nikadhani anasema habari za mguu.

Jioni hiyohiyo, jua bado liko juu ya paa la duka, tulikaa uani tunakula wali kwa kambale. Bibi akasema, taratibu, kama mtu aliyelipanga neno lake tangu asubuhi:

"Umechelewa sana. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mume kaulizwa alikokuwa. Niambie wewe, mtani gani ataiacha nafasi kama hiyo ipite?

"Lupiro," nikasema, mdomo umejaa. "Nimeoa huko."

Lupiro ni ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Ningeweza kusema Kidatu. Ningeweza kusema Unguja. Nilisema Lupiro kwa sababu yule kambale, niliyemnunua mwenyewe, ametoka huko, basi, hakuna sababu nyingine.

Bibi akarudisha tonge sahanini.

"Ni msichana?"

"Mbichi kabisa. Meno thelathini na mawili, nimeyahesabu. Mimi nimechoka kutafuniwa nusunusu."

"Mmezaa?"

"Wanne."

"Wanakula?"

"Wanakula mpaka wanasinzia na tonge mkononi."

Akaitika kwa kichwa mara mbili. "Basi ilikuwa kweli," akasema. Akajikokota akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikamalizia samaki wake. Nilikaa pale nasubiri jibu, maana bibi hakuwahi kuniacha bila jibu, na hili lilikuwa linachelewa kiasi kwamba nilijua litakuwa kubwa.

Asubuhi hakugusa uji. Nikakaa kwenye kigoda changu, mbele yake, nikatoa dawa niliyoachiwa. Kwa kuwa habari za Lupiro zilikuwa bado za moto, nikaendelea na hizohizo. Nikamwambia yule mke mdogo anamsalimu. Nikamwambia anamwita dada, na anaomba afundishwe kupika mlenda. Bibi akageukia ukutani. Mchana nikaongeza mtoto wa tano. Siku nzima hakutia kitu mdomoni ila maji, na kesho yake ikawa hivyohivyo, na mimi nikaanza kuogopa. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidisha dawa. Nilikuwa sijui dawa nyingine.

Siku ya tatu nilipoamka mkeka wake ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani, kama mtu wa safari. Kile chungu chake kidogo hakikuwapo jikoni. Kaniki yake ya kanisani haikuwapo kwenye kamba.

Nikakimbilia dukani bila viatu. Bi Mwanamvua alikuwa anafagia mbele ya mlango.

"Shikamoo Bi Mwanamvua, umemwona bibi?"

"Marahaba. Sijamwona. Kwani hayupo?" Akaacha kufagia. "Ulimwambia nini?"

"Mimi? Sikumwambia kitu. Tulikuwa tunataniana. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nimeoa Lupiro, basi tangu hapo..."

Ufagio ukamponyoka.

"Lupiro? Kelestini, ulimwambia Lupiro?"

Akakaa pale pale kizingitini, na akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kusemwa. Babu hakuna aliyemwona akifa. Wajerumani walipokuwa wanakimbilia Mahenge walikusanya wanaume wa kubeba mizigo, naye akatwikwa mzigo, akavushwa mto na wenzake, na huo ndio mwisho wa habari. Wengine walirudi, yeye hakurudi. Vita vilipokwisha, zikapita mvua mbili hivi, mchuuzi mmoja wa samaki akaja akasema amemwona mtu wa sura ile Lupiro, ana mke na mtoto mgongoni mwa mke. Bibi akamtukana yule mchuuzi mbele za watu. Akawaambia wanawe baba yenu amekufa vitani. Wanaume wawili wakaja kumposa, akawakataa.

"Na hakwenda kuangalia?" nikauliza. "Lupiro si hapo tu?"

"Avuke amkute, afanye nini? Avuke asimkute, afanye nini?" Bi Mwanamvua alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Miaka thelathini na tisa hakuvuka ule mto. Hata samaki ananunua wa upande huu. Aliniambia siku moja tu, tukiwa tunatwanga, na akaniapisha. Sasa akili yake imerudi huko nyuma, mwanangu. Alikuwa hakutanii. Alikuona umerudi."

Nikageuka nikimbie, sijui niende upande gani.

"Mke akiudhiwa na mumewe anakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kwao."

"Kwao bibi yako ni wapi?"

Ni Kiberege. Akamwita mumewe, Mzee Haidari akatoa baiskeli yake bila kuuliza swali, nami nikaipanda.

Kwenda Kiberege kwa miguu ni safari ya siku nzima kwa kijana. Kwa kikongwe mwenye mguu mmoja mzima, ambaye hajala siku mbili, sikutaka kupiga hesabu hiyo. Nilivuka daraja la Lumemo, ule mto mdogo wa upande wetu, nikapita mashamba, kila kichuguu cha mbele nakiona ni yeye. Nikamkuta mahali ambapo hapana nyumba wala kivuli. Alikuwa ameketi kwenye nyasi kando ya barabara, amevaa ile kaniki ya kanisani, chungu mapajani. Ndani ya chungu alikuwa ametia pepeta ya njiani. Hakuwa ameigusa. Unyayo wa mguu mbovu ulikuwa unatoka damu na nzi wamejaa.

"Bibi."

Hakunitazama.

"Bibi, ni mimi, Kelestini. Mjukuu wako."

"Kelestini yuko shule," akasema kwa adabu, kama anavyojibiwa mpita njia.

"Nimerudi likizo, Bibi. Ilikuwa utani. Hakuna mke. Hakuna cha Lupiro wala nini."

Hapo akageuka. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Usiwakane watoto," akasema. "Watoto watano unawakana barabarani? Wao wamekosa nini? Mimi nilitaka uniambie tu. Kuna mtu aliniambia zamani, nikamtukana mbele za watu. Kama ni kweli ningemwomba radhi. Sasa ameshakufa. Na wewe uko hapa unacheka."

Sikuwa nacheka. Lakini nilielewa kwamba uso wangu ameuona ukicheka siku tatu mfululizo, na hakujua kuwa nao unaweza kufanya kazi nyingine.

Kichwani mwangu vichekesho vilikuwa bado vinapanga foleni, mjue. Ndivyo nilivyo. Kilikuja kimoja cha baiskeli, kikaja kimoja cha nzi. Nikaviacha vipite. Nikalaza baiskeli chini, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele yake, chini kidogo, auone mdomo wangu.

"Mama Dionisi," nikasema.

Mabega yake yakashuka. Nadhani alikuwa hajaitwa hivyo kwa sauti ya kiume ya nyumba yake tangu siku ile ya mizigo.

"Sikuoa, Mama Dionisi."

"Ulikuwa wapi basi?"

Nikawaza ni kitu gani kinaweza kumzuia mtu asirudi kwake miaka thelathini na tisa na asiwe na kosa. Nikakiona kimoja tu.

"Nilikufa," nikasema. "Njiani, kabla hatujafika Mahenge. Nilikuwa na mzigo kichwani."

Nzi walivuma.

"Uliugua?"

"Tumbo."

"Siku nyingi?"

"Siku mbili tu."

"Walikuzika, au walikuacha?"

"Walinizika. Wenzangu wa huku huku. Walichimba kwa mikono."

"Na mimi ulinitaja?"

"Nilikutaja, Mama Dionisi. Nikasema nataka kurudi nyumbani."

Akanyoosha mkono akanigusa shavu. Vidole vyake vilipita usoni kwangu polepole, puani, kidevuni, vinatafuta kitu, na sijui vilikikuta au vilikikosa.

"Maskini wewe," akasema. "Na mimi miaka yote hiyo nimekununia."

Akafungua kitambaa cha kichwa. Akaweka mikono kichwani, akalia. Si kilio cha bibi kizee anayeumwa mguu. Kilikuwa kilio cha mke aliyefiwa, kile cha kupanda na kushuka, cha kumwita marehemu na kumuuliza amemwachia nani watoto, na kilikuwa na nguvu ambazo sikujua mwili ule bado unazo.

Wanawake wanne walikuwa wanakuja na vikapu vichwani, wanakwenda sokoni Ifakara. Wakasimama. Hakuna aliyeuliza kwanza. Walitua vikapu, wakafungua vitambaa vyao, wakaketi kwenye nyasi kumzunguka, wakalia naye. Mmoja alimwegemeza bibi kifuani mwake kama wamezaliwa tumbo moja. Baadaye aliyekuwa karibu yangu akaninong'oneza:

"Poleni, kaka. Ni nani?"

"Babu yangu."

"Jamani. Amefariki lini?"

"Habari tumezipata leo," nikasema, na hapo nikalia na mimi, kwa mtu ambaye sijawahi kumwona wala kujua kaburi lake, wala kujua kama analo.

Nilimpandisha nyuma ya baiskeli, nikaisukuma hadi nyumbani huku wanawake wale wamemshika huku na huku. Soko lao wakaliacha likasubiri. Bi Mwanamvua alimpokea mlangoni, akamtandikia mkeka chini, akaloweka ile pepeta kwenye maji ya moto, akamlisha kwa mkono wake, maana mfiwa hajilishi mwenyewe. Alikula bakuli zima. Sikumchekesha.

Wazazi walirudi wiki iliyofuata. Baba alishusha gunia, akamkuta mama yake sakafuni, amenyolewa nywele, amevaa kaniki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini, Dionisi. Baba yako amefariki. Alikuwa anarudi."

Baba akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, hata shavu nilikuwa nimeshalichagua. Nikamwambia yote pale pale, kuanzia Lupiro hadi Mahenge.

"Una hakika gani kwamba..." akaanza. Hakumaliza. Akavua kofia yake ya majani, akaketi sakafuni kando ya mama yake. Alikuwa na umri wa miaka mitatu babu alipochukuliwa. Baadaye nilimsikia akilia, taratibu, kama mtu asiyejua inavyofanywa.

Bibi aliendelea kula. Mama alimkuta na nyama mwilini kama alivyotaka. Ila kichwa chake hakikurudi nyuma tena, wala hakikusonga mbele sana. Kilitulia mahali fulani ambapo mimi nilikuwa mjukuu tu.

Siku ya kurudi shule nilikwenda kumuaga nimebeba sanduku. Nikakaa kwenye kigoda, mbele yake. Nikajaribu, Mungu ananiona, nikajaribu.

"Mke wangu, nakwenda zangu. Nikirudi nikuletee nini? Meno?"

Akanitazama kwa upole.

"Usinitanie, mjukuu wangu," akasema. "Nimefiwa na mume."

Mtu akikwambia hivyo kuna neno moja tu la kumjibu, na nilikuwa sijawahi kumwambia bibi neno hilo maishani mwangu.

"Pole, Bibi."

"Asante, baba." Mkono wake ukaja ukanishika sikio, lile la kulia alilozoea kulivuta. Hakulivuta. Alilishika tu, mpaka mama akaniita kwamba gari la kwenda Kidatu limefika.